Tuulizane: Mtoto wa taabu, nani anamshika?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi toka mitaa ya hapa Goma, Kongo, na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, watoto wanaokomaa mu nyumba zisizo na feza, na wazazi wanaojiuliza kama wawakaze ao wawahurumie. Nimechukua tano, na mi yaya wenu (mkubwa wenu) nimejibu kila moja chini yake. Zilizokuwa ndefu nimezikata kidogo lakini maneno ni ya wenyewe.

Yaya jambo. Mi niko mama wa watoto 4, niko Ndosho, nauzisha makala kando ya barabara. Baba yao alienda Rubaya kuchimba, sasa ni mwaka na nusu, mwanzo alikuwa anatuma kitu, sasa ata simu haipite. Mkubwa wangu iko na miaka 14. Walimfukuza ku masomo juu ya minervale, ile feza ya shule, akakaa nyumbani siku mbili, ya tatu akaamka saa kumi na moja ya asubuyi akaenda Kituku kubeba mizigo ku maboti. Jioni akaniletea 4000 franga, akaiweka ku meza, hakusema neno. Toka siku ile anaenda kila siku. Halie, haombi kitu. Majirani wananipongeza eti umezaa mwanaume, amekuwa ngumu kama jiwe. Lakini usiku namsikia anasaga meno. Nimuache azoee maisha?

Mama, uko na haki ya kuogopa. Hayo meno anayosaga usiku njo barua yenyewe, yale mengine yote uliyoniandikia ni bahasha. Mtoto wa miaka 14 anayeweka feza ku meza bila kusema neno hajakuwa jiwe, amenyamaza tu, na kwetu hapa tunachanganya sana kunyamaza na kuwa ngumu, tunamsifu mtoto siku ileile ambayo angetakiwa kuulizwa uko namna gani.

Nikuelezee kitu kimoja kilichonisaidia mi mwenyewe. Kule Hawaii, Marekani, iko kisiwa kinaitwa Kauai. Watoto wote waliozaliwa pale mwaka 1955, karibu 700, watafiti waliwafuata toka tumbo la mama mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40, na kazi hiyo inajulikana zaidi kwa majina ya Emmy Werner na Ruth Smith. Wazazi wengi walikuwa vibarua wa mashamba. Karibu mtoto mmoja juu ya watatu alizaliwa mu shida zilizopandana, umaskini, ulevi, mzazi mgonjwa wa akili, nyumba ya magomvi kila siku. Na kati ya hao wa shida, tena mmoja juu ya watatu alikomaa vizuri kabisa, akasoma, akafanya kazi, akapenda watu wake. Sasa wakatafuta, hawa walikuwa na nini? Hawakukuta watoto wenye roho ya chuma. Walikuta kila mmoja alikuwa na mtu. Bibi, shangazi, mkubwa wake, mwalimu, jirani, mtu mmoja aliyemkubali vile alivyo na ambaye hakumuacha. Kingine walichokuta, wengi walikuwa na kazi ya kufanya nyumbani, kazi ambayo watu walihitaji kweli aifanye.

Na hapo njo tunapoteleza, juu utaniambia yaya, wangu naye iko na kazi. Hapana mama. Kuchota maji, kupikia wadogo wakati mama iko sokoni, kukusaidia kupanga makala Jumamosi, hizo ni kazi, zina mwisho, na juu yake kuna mkubwa. Kulala ukijua kama kesho usipoenda Kituku wadogo wako hawatakula, hicho ni cheo cha baba. Mtoto akivaa koti ya baba mikono yake inapotea ndani.

Mi ningefanya hivi. Leo jioni akirudi usiangalie feza kwanza. Mpe maji ya moto aoge, mpe chakula, keti kando yake, si mbele yake, watoto wa kiume wa umri ule wanaongea vizuri wakiwa hawakuangalii usoni. Halafu chukua kaye, ile ya kurasa 48 inatosha, andika mbele yake: hii imetoka kwa mkubwa, hii imetoka ku makala, hii ya unga, hii ya maji, hii ya nyumba. Aone yote. Na chini kabisa weka mstari wa minervale yake, ata kama leo ni 300 tu inaingia pale. Kisha mwambie kwa mdomo, usidhani anajua, mwambie: asante, umenisaidia, lakini mi njo mzazi, wewe ni mtoto wangu. Nakuhakikishia iko watoto wa hapa Goma wanaongojea hilo neno miaka na hakuna anayelisema.

Halafu ku masomo nenda wewe mwenyewe kumuona prefe, mkubwa wa shule, usimtume mtoto na kikaratasi. Omba kulipa kwa transhi, kidogo kidogo, na umuoneshe ile kaye. Gratuité, masomo ya bure iliyoanza Septemba 2019, ilifika primaire ya serikali, sekondari ikabaki juu ya mgongo wa wazazi, na tangu benki zifunge hapa mwanzo wa 2025 juu ya vita wakubwa wa shule wanajua vizuri feza inatembea namna gani, wengi wanasikilizana na mzazi aliyekuja mwenyewe na mahesabu yake. Wakikatalia pale, uliza shule nyingine, usikubali neno la kwanza. Kituku ibaki Jumamosi, na mizigo myepesi, ile ya gunia nzima mgongo wa miaka 14 haiwezi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yenyewe inasema kazi ni kuanzia miaka 16. Siileti hapa kukutisha, naileta ili ujue kama woga wako sio woga wa mama mlegevu.

Na juu ya baba yao, usimwambie atarudi mwezi kesho kama hujui. Mwambie sijui, nikijua nitakuambia wewe wa kwanza.

Yaya, mi ni motari, naishi Majengo. Mtoto wangu wa miaka 9 hana akili ya kuweka. Ukimpa 200 franga anakimbia butiki palepale ananunua bonboni. Nilimwambia akiweka mpaka Jumamosi nitamuongezea iwe mara mbili, hataki. Mkubwa wake anayekomea kwa babu yake Himbi, yeye anaweka vizuri sana. Huyu nimeshamchapa mara mbili. Maisha ya taabu bila kujua kungoja atayaweza namna gani?

Papa, nina swali moja na usikasirike. Hizo Jumamosi ulizoahidi, ngapi zilifika na kitu mkononi? Nakuuliza kwa heshima, najua pikipiki haina mshahara, siku mafuta imepanda ao mvua imenyesha toka asubuyi unarudi na ile ya patro tu, na kwako hakubaki kitu. Lakini mtoto hajui bei ya mafuta. Yeye anajua Jumamosi ilikuja na kitu hakikuja.

Unajua iko jaribio moja la Marekani ambalo watu wanalihubiri sana, ata ku seminari za wazazi nimelisikia. Mwaka wa sitini na kitu kuelekea sabini, pale chuo cha Stanford, mwanasaikolojia Walter Mischel aliwaweka watoto wadogo mbele ya bonboni laini, akasema ukikula sasa ni moja, ukiningoja nirudi ni mbili. Baadaye wakasema wale waliongoja njo walifanikiwa mu masomo, na dunia nzima ikashika hivyo, eti mtoto anayeshinda tamaa njo atashinda maisha. Lakini mwaka 2018 watafiti wengine walirudilia na watoto karibu 900, wengi wa mama wasiosoma sana, wakaona kama ukilinganisha watoto wanaotoka mu nyumba za hali moja, ile tofauti inakuwa ndogo sana, karibu inaisha.

Na liko lingine ambalo mi nalipenda zaidi, lilitoka mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake kule chuo cha Rochester, Marekani. Watoto 28 tu. Kabla ya bonboni, mtu mzima aliwaahidi rangi nzuri za kuchorea. Kwa nusu ya watoto alirudi nazo. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akasema pole, nilifikiri ziko, kumbe haziko. Kisha njo wakaleta bonboni. Wale waliotimiziwa walingoja kwa wastani dakika 12. Wale waliodanganywa, dakika 3. Kilichowatenga ni yule mtu mzima tu.

Kwa hiyo papa, wako huyo akili anayo, tena kali. 200 iliyo mkononi ni 200, ile ya Jumamosi ni hadithi, na yeye amehesabu. Wewe ungeweka feza yako ku likilimba, ile feza ya kuchangia na kupeana kwa zamu, ambayo mwenye kuishika alishakimbia mara mbili? Si ungeikula palepale. Na yule mkubwa wake wa Himbi hajazaliwa na roho ya kungoja kushinda huyu, kwa babu labda kabati haikose mkate na neno la babu halibadilike, nani hangeweka?

Mi mwenyewe nilikuwa na kopo ya maziwa niliyoitoboa juu kwa kisu, nikaificha chini ya kitanda, nilikuwa na miaka kama 8. Siku moja nikaikuta nyepesi. Mama aliichukua juu mdogo wangu alikuwa na homa kali usiku, alihitaji feza ya kumfikisha ku hospitali, na alifanya vizuri, mdogo wangu iko hai. Lakini hakuna aliyeniambia. Nilipata habari miezi baadaye. Kama angeniamsha usiku ule akasema nisaidie, mdogo wako anaungua, ningeitoa mi mwenyewe na ningekuwa na furaha maisha yangu yote. Badala yake sikuweka tena franga ata moja mpaka nikaanza kazi.

Basi anza kidogo kabisa. Mwambie kesho asubuyi nitakupa 100. Na kesho asubuyi, kabla ya kuwasha pikipiki, mpe. Fanya hivyo wiki mbili, vitu vidogo ambavyo unaviweza kweli, nitarudi kabla ya giza, nitakuletea muhindi ya kukula, na uvitimize. Siku ukishindwa, ongea mbele yake hajauliza: leo nilikuahidi na sikupata, sikusahau. Kisha jaribu tena ile ya kuweka, mpaka kesho kutwa tu, si mpaka Jumamosi. Fimbo iache. Fimbo inamfundisha kukula haraka na kujificha, na hiyo anaijua tayari.

Mi ni mwalimu wa 5e primaire, Katoyi, darasa langu ni watoto 83. Iko binti mmoja ana akili, asubuyi anatembeza ndizi kabla ya kuja, lakini siku ya interro, ule mtihani mdogo, anasahau ata table ya 6. Nilifikiri ni uvivu. Tena direkta ananiagiza kila Jumatatu nisome majina ya wasiolipa frais mbele ya bendera. Nitawasaidiaje hawa watoto wawe na nguvu, na mi mwenyewe mshahara unachelewa?

Mwalimu, kwanza nakupa heshima, watoto 83 na bado unamuona mmoja.

Uvivu sio. Kule India, mu jimbo la Tamil Nadu, watafiti walipima wakulima wa miwa 464, waliwapa mitihani midogo ya akili kabla ya mavuno, wakati feza imeisha na madeni yamewakaa shingoni, na tena kisha mavuno wakati wamelipwa. Watu walewale. Kisha mavuno walifanya vizuri zaidi, waziwazi. Ilitoka mwaka 2013, kazi ya Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao. Kichwa chenye wasiwasi ya feza kinajaa kama chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakiwa viazi mpaka juu, ukitaka kuongeza gunia moja pale ku mupando inakataa, na hakuna anayesema mbao ni mbaya. Yule binti anakuja kwako akiwa bado anahesabu ndizi mu kichwa, ngapi zimebaki, ngapi nimekopesha, nani hajanilipa. Table ya 6 itaingia wapi?

Usimuulize mara ya kwanza mbele ya wenzake. Siku ya interro acha dakika 5 za kwanza ziwe zilezile kila siku, muimbe table wote pamoja, kichwa kitulie kabla karatasi haijafika. Mpe kazi ndogo ambayo ni yake, kugawa chaki, kuhesabu vitabu, kwa kuhesabu anakushinda labda. Na simama ku mlango asubuyi uite majina, utashindwa kuita 83, ita 10 leo na 10 kesho. Najua inaonekana kama si kitu. Lakini mtoto aliyeamka saa kumi, akafokewa na wateja, akaruka mitaro na besani ku kichwa, anafika ku mlango na mtu mzima anamuita kwa jina lake vizuri, mi naamini inabadilisha asubuyi yake yote.

Sasa hayo majina ya mbele ya bendera. Hapa sina maneno laini. Deni ni la mzazi, na mtoto asisomwe mbele ya watoto 600 juu ya deni ambalo hawezi kulipa. Kinachobaki mu kichwa chake ile siku ni aibu, na aibu haileti feza, inaleta mtoto anayejificha Jumatatu, halafu Jumanne, halafu harudi. Ongea na direkta ukiwa na wenzako wawili watatu, si peke yako, mpeleke wazo ya barua iliyofungwa kwa mzazi ao kumuita mzazi mwenyewe. Akikataa kabisa, wewe mwalimu unaweza kusoma haraka na kwa sauti ya chini, na kisha pale ukaingia darasani na ukawapokea walewale kama kila siku. Watakuona.

Juu ya mshahara sitakudanganya, sina jibu. Lakini waambie wanafunzi wako ukweli kidogo siku uko na njaa na hasira inakuja haraka: leo mwalimu hajalala vizuri, mnivumilie. Nao wanajua hayo maisha, wataelewa kuliko unavyofikiri.

Mwanangu, mi ni bibi wa Keshero. Mjukuu wangu wa miaka 7 tangu tutoke Bulengo, kambi ya waliokimbia vita, anakojoa ku kitanda kila usiku. Mtu mmoja wa maombi amesema ni mulozi, mchawi, njo anatuletea umaskini, tumpeleke afunge siku tatu bila kukula. Nifanye nini?

Bibi yangu, usimpeleke. Mtoto si mulozi. Umaskini mlikuwa nao kabla hajaanza kukojoa, na ulioleta ni vita, wewe mwenyewe umeiona na macho.

Mtoto aliyesikia mabomu, aliyelala chini ya sheeting, ile plastiki ya kambi, aliyekimbia usiku, mwili wake unarudi nyuma kidogo, anakojoa, anashika nguo yako, anaogopa giza. Hiyo inaonekana kwa watoto wengi sana na kwa wengi inaisha mahali pakitulia. Kumnyima chakula siku tatu mtoto wa miaka 7 inaweza kumuua. Tena Katiba ya nchi yetu, artikle 41, inakataza kumuita mtoto mulozi, na ile sheria ya 2009 inatoa malipizi kwa anayefanya hivyo. Mwambie huyo mtu wa maombi kama anataka kuomba aje aombe kwako, mtoto akiwa mapajani mwako, akiwa amekula.

Usiku mpunguzie maji kidogo, mwamshe mara moja akojoe, weka kipande cha plastiki chini ya kitambaa, na asubuyi mfue pamoja bila kelele wala kumsema mbele ya wengine. Kama analia akikojoa, ao anakunywa maji sana na anakonda, mpeleke sentre de sante wamwangalie. Na bibi, wewe njo yule mtu wa Kauai niliyemuongelea pale juu. Mtoto huyo iko na bahati yake tayari.

Yaya mi niko na miaka 19, nauzisha mafuta, mi ni kadhafi pale Birere. Kila mahali nasikia résilience, miradi ya résilience, tisheti, eti watu wa Goma ni wagumu, volkano ilituchoma tukajenga juu yake. Mi sijisikii hivyo. Tangu vita iingie mu mji mwisho wa Januari 2025 silale. Nikisikia mlango unafungwa kwa nguvu naanguka chini. Masomo niliacha. Mwenzangu tunayeuzisha naye anasema nizoee tu, lakini naye namuona macho mekundu kila asubuyi. Je mi niko dhaifu?

Hapana mdogo wangu, uko mtu.

Mi niko wa ile Goma ya tarehe 17 Januari 2002. Nilivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, nikiwa nimeshika mkono wa mama, nyuma yetu anga nyekundu, lava ilipita katikati ya mji ikaenda mpaka ziwani. Tuliporudi mawe yalikuwa bado na moto chini, unasikia ku kiatu. Ndiyo, watu walijenga juu yake, mbao juu ya lava, na nakubali ni kitu cha kusifiwa. Lakini nikuambie nilichokiona mu nyumba. Mama alipika kila siku, hakukosa siku ata moja, watu wakasema mama huyu ni ngumu. Miaka baadaye, ile usiku ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipowaka tena, akaniambia kama toka 2002 kila usiku huwa anaamka saa tisa kwenda kuangalia anga. Miaka 19, na hakuna ata mmoja wetu aliyemuuliza. Njo maana mi leo siwezi kusikia hilo neno ngumu nikanyamaza.

Hilo neno résilience lilitoka kwa mafundi wa vyuma, chuma kinachopigwa na kisivunjike. Mu Kifaransa aliyelisambaza kwa watu sana ni Boris Cyrulnik, daktari wa akili wa Ufaransa. Mwaka 1944, akiwa na miaka 6, alikamatwa kule Bordeaux juu ni Myahudi, akatoroka, wazazi wake wote wawili walikufa Auschwitz, kambi ya mauti ya Wanazi. Kisha vita alijaribu kuelezea, watu wazima hawakumuamini, akanyamaza miaka na miaka. Na yeye njo anayefundisha kama mtu hasimami peke yake, anasimama akipata wengine wa kumshika. Kwa hiyo ukisoma lile neno ku tisheti ya mtu usidhani linasema unyamaze na uzoee.

Kutolala, kuanguka ukisikia kishindo, mwili wako unafanya kazi yake, unakulinda na kitu ambacho kilikuwa pale kweli, haujapata tu habari kama ile saa imepita. Nenda ku sentre de sante iliyo karibu na kwenu, uliza APS, yule mfanyakazi wa psychosocial anayesikiliza watu wenye shida ya roho, mwambie maneno uliyoniandikia, ukiona haya msomee kutoka ku simu. Usitafute usingizi ku chupa, pombe inakulaza saa mbili na inakuamsha mbaya zaidi. Na kama iko usiku ambapo wazo la kufa linakuja, usingoje asubuyi, amsha mtu palepale, yeyote mwenye kuwa mu nyumba.

Juu ya masomo, wale watoto wa Kauai, iko wengi waliokuwa wameharibika kabisa wakiwa na umri wako, kesi, masomo yameachwa, na walipowatafuta tena wako na miaka 30 na kitu wengi walikuwa wamesimama. Wengine walirudi kusoma wakiwa watu wazima, wengine walipata kazi ya kufundishwa, ao mke ao mume mwema, ao kanisa lililowapokea. Miaka 19 sio mwisho wa kitu.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama pale ulipoandika macho mekundu. Kesho asubuyi kabla hamujapanga bidoni, muulize mwenzako usiku analala saa ngapi. Atakuambia analala vizuri. Ungoje kidogo, halafu umwambie wewe unalala ngapi.